Shimo Lisilonuka

Nyinyi mnaoanza kazi ya bwana afya siku hizi mmepewa kamera. Nimeziona. Mnaiingiza kwenye bomba, inatambaa yenyewe huko ndani, nanyi mmeketi garini mnatazama picha huku mnakunywa soda. Siwaonei wivu, au nawaonea kidogo tu. Sisi tulikuwa na pua, tochi, na chuma cha kufunulia vifuniko vya mashimo ya maji taka. Na mimi, kwa bahati yangu, nilikuwa na Mzee Ndirangu.

Ndirangu alikuwa nyapara wa mitaro ya jiji, mtu wa Kinoo, mfupi, mwenye koti la kijivu ambalo mfuko wake wa kulia haukukosa chungwa. Mimi nilitoka Mombasa na cheti changu cha chuo, suruali imepigwa pasi, na sikujua laini ya maji taka inaanzia wapi wala inaishia wapi. Kazi yetu, kama mlivyokwisha kuona, ni ya majikoni na vyooni. Unakagua hoteli, bucha, baa, kisha unatia sahihi cheti cha afya, na bila hicho mtu hapati leseni. Mabomba yenyewe yalikuwa ya kina Ndirangu. Lakini kama hujui maji ya choo yanakwenda wapi, cheti unachokitoa ni karatasi tu, kwa hiyo miezi yangu ya kwanza nilimfuata yule mzee kila alipokwenda.

"Athmani," aliniambia siku ya kwanza, "hii kazi ni vitu tatu. Unafungua. Unanusa. Halafu unatupa ganda."

Hilo la tatu ndilo lililokuwa lake. Alikuwa akimenya chungwa, anatupa maganda kwenye shimo la kwanza, kisha anatembea polepole hadi shimo linalofuata mtaani, anakula chungwa lake, anangoja. Maganda yakipita chini ya macho yake, jengo limeunganishwa na laini ya jiji. Yasipopita, kuna mtu anadanganya. Siku moja tulikagua hoteli fulani katikati ya mji, mwenyewe anaapa kwa jina la mama yake kwamba jiko lake limeunganishwa. Ndirangu akatupa maganda. Akala chungwa lote. Akamenya la pili. Maganda yakaja kutokea barabarani, kwenye mfereji wa maji ya mvua, mbele ya benki, miguuni mwa askari mlinzi aliyekuwa amesimama kwa heshima zake zote. Yule askari alitazama juu angani kutafuta ni nani anayekula machungwa ghorofani.

Nilicheka siku nzima. Nilidhani nimejifunza.

Sasa niwaambie habari za Bichi, maana ndiyo mnayoniuliza kila mkiniona, ingawa mnazunguka zunguka kwa adabu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzomwanzo, simu za mkononi ndiyo kwanza zinaacha kuwa za matajiri. Bondeni, chini ya Muthangari, palikuwa na bwawa dogo, mto uliozibwa zamani na mtu asiyejulikana kwa sababu isiyojulikana. Watu sita walijenga baa zao ukingoni zikafuatana, wakamwaga malori ya mchanga, wakaleta boti za kukanyaga kwa miguu, na Nairobi isiyo na bahari ikapata ufuo wake. Watu wakapaita Bichi. Jioni maofisa walishuka kutoka Upper Hill wakiwa bado na tai shingoni, wakaagiza mbavu na kuweka viatu mezani ili waukanyage mchanga. Mchana, hasa likizo za shule, palikuwa pa watoto, kwa sababu kuogelea kulikuwa bure hadi saa saba. Mimi mtu wa Pwani niliucheka ule mchanga, lakini siku za Jumapili nikipita pale kusikia kelele za watoto majini nilifurahi kweli. Nilikumbuka kwetu.

Vyeti vya afya vya baa zote sita nilivitia sahihi mimi. Miaka mitatu mfululizo.

Mwaka wa kwanza nilipokelewa na Jimmy, msemaji wa wenye baa, kijana mwenye kofia na maneno matamu. Akanipeleka nyuma ya vyoo kwenye shimo lao la maji taka. Nikafungua. Maji yanakimbia vizuri, sauti yake inasikika. Nikanusa. Hakuna harufu hata chembe. Na pembeni, juu ya tofali, ameketi chura mnene ananitazama.

"Mzee, cheki," Jimmy akasema, "hata chura ameamua kuhamia hapa. Place iko safi, si unaona?"

Tukacheka wote wawili. Ganda sikutupa. Sikuwa na chungwa, jua lilikuwa kali, na chai ilikuwa imeshamiminwa. Nikatia sahihi. Mwaka wa pili na wa tatu niliinua kifuniko kwa ncha ya chuma, nikasikia maji yanakimbia, nikakirudisha. Nilikuwa nimefikia umri ambao mtu huanza kujiamini kwa kusikia tu.

Chai nilikunywa, nawaambia wazi. Chai ya maziwa na mandazi mawili. Zaidi ya hapo sikupokea kitu.

Kisha akaja Mama Kevin. Ilikuwa asubuhi, nimeketi ofisini, akaingia mwanamke wa Kangemi, muuza mboga, ana chupa ya plastiki mkononi. Hakunisalimia. Akaiweka chupa juu ya faili zangu.

"Wewe ndio bwana afya wa hii area?"

"Ni mimi, mama. Karibu uketi."

"Sikai. Hii ni maji ya Bichi. Kunywa."

Nikamwambia mama, maji ya bwawa si ya kunywa.

"Kevin wangu amekunywa. Mtoto akiogelea anakunywa, ama hujui? Ako hosi huko Upper Hill siku ya sita, daktari amesema ni typhoid. Na si yeye pekee, kwa ploti yetu wako wanne. Nimeenda kwa wale watu wa baa, wananionyesha karatasi kwa ukuta. Imeandikwa maji yao ni safi. Jina yako iko hapo chini." Akaisukuma ile chupa karibu yangu. "Basi kunywa, kama iko safi."

Sikunywa. Niliisogeza ile chupa pembeni ya faili. Nikamwomba jina la wodi, nikamwambia nitakwenda Bichi siku hiyo hiyo. Akaondoka, na chupa akaniachia.

Nilimpitia Ndirangu, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Tukachukua kopo la rangi ya kijani, ile tuliyoletewa badala ya maganda, ambayo unaimwaga chooni kisha unatazama inatokea wapi. Saa nne asubuhi tulikuwa Bichi. Baa zimefungwa, wafagiaji wanapanga viti, vijana wawili watatu wako majini. Nikafunua lile shimo langu kwa mbwembwe.

Ndirangu akainama. Akanusa, akasogea, akanusa tena.

"Athmani. Hii shimo hainuki."

"Ndiyo, mzee. Ni safi."

"Shimo ya choo, safi?" Akainua uso akanitazama kama anayenihurumia. "Na huyu hapa ni nani?"

"Chura."

"Chura anakaa kwa maji ya mto. Kwa shimo ya choo unapata mende. Miaka thelathini na tatu nimefungua hizi vitu, chura sijawahi kuona hata moja. Wewe umemwona lini?"

Nikamwambia nilimwona tangu mwaka wa kwanza. Alikwenda akakaa juu ya kreti ya soda, akatoa chungwa, lakini hakulimenya.

Nikaingia choo cha wanawake nikamwaga kopo zima. Nikavuta maji. Nikarudi mbio kwenye shimo, nikachuchumaa, nikaangalia. Maji yakaendelea kukimbia, meupe, na chura wake. Nikahesabu dakika. Ndipo nikasikia watoto wanapiga kelele za furaha kule bwawani. Kwenye gati ya boti maji yalikuwa yanageuka kijani, kijani ya kung'aa, inatoka chini na kutanuka, na wale vijana wanaikimbilia, wanaichota kwa viganja na kujimwagia usoni.

Niliingia majini na viatu, na saa mkononi. Nilipiga kelele ambazo sijapata kupiga tena. Niliwatoa mmoja mmoja kwa mikono, na mmoja akanilaumu kwamba nimemwaga rangi yake.

Ndirangu aliufuata ukingo hadi juu ya bwawa, kisha akaja kunieleza, tumekaa kwenye mchanga, suruali yangu inadondosha maji. Vyoo vya baa zote sita vilimwaga moja kwa moja bwawani kwa bomba lililozikwa. Lile shimo la nyuma halikuwa shimo la choo. Walikuwa wamechukua maji ya mto juu ya bwawa, wakayapitisha chini ya kifuniko kizuri cha chuma, wakayarudisha tena bwawani. Lilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule atakayekuja kusikiliza.

"Walikujua," Ndirangu akasema. Kisha akanipa lile chungwa.

Siku mbili baadaye jiji likatoa ilani ya kufunga Bichi yote. Wenye baa wakakata rufaa mbele ya kamati ya leseni, na silaha yao ilikuwa moja: vyeti vyangu vya miaka mitatu. Bosi wangu aliniita akafunga mlango. Alikuwa mtu mwema, na alinionea huruma kweli.

"Athmani, kuna njia rahisi," akaniambia. "Useme walibadilisha mabomba baada ya wewe kukagua. Wewe uko sawa, vyeti viko sawa, wao ndio wabaya. Nobody atakuuliza zaidi."

Tatizo ni kwamba njia ile rahisi ilikuwa na mlango wa nyuma. Kama mabomba yalibadilishwa baadaye, basi kosa ni la kurekebishwa, na sheria ndogo za wakati ule ziliwapa siku kumi na nne za kurekebisha huku wakiendelea na biashara. Likizo ya Agosti ilikuwa inaanza wiki iliyofuata. Bwawa lingejaa watoto. Lakini kama mabomba yalikuwa hivyo tangu mwanzo, vyeti vilikuwa batili tangu mwanzo, leseni nazo batili, na Bichi inafungwa siku hiyo hiyo. Ila aliyevitoa vile vyeti batili ni nani? Ni mimi, nimebakiza miaka minne nistaafu.

Nilikwenda kumwona Kevin kwanza. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, amekonda shingo, lakini homa ilikuwa imeshuka na alikuwa anamdai mama yake chipsi. Mama Kevin aliniona nimesimama mlangoni. Akavuta kiti kingine kwa mguu, nami nikaketi. Nadhani ile ndiyo siku niliyoanza kupumua.

Kwenye kamati chumba kilijaa. Usidhani Bichi haikupendwa. Wachoma nyama walikuja, wahudumu, wapiga ngoma, wenye boti, na kati ya madiwani wenyewe walikuwepo waliojua orodha ya vinywaji kwa kichwa. Jimmy akaweka vyeti vya miaka yote mitatu mezani.

"Waheshimiwa, sisi tulifuata sheria. Bwana afya alikuja, akaangalia, akasaini. Kama kuna makosa, muulizeni yeye."

Wakaniuliza. Nikawaambia kwamba vyoo vile havikuwahi kuunganishwa na laini ya jiji hata siku moja, kwamba nilifungua shimo nikaona maji na chura, na kwamba bwana afya yeyote mwenye akili angejua papo hapo. Nikawaambia vyeti vyote ni vya uongo, ingawa nilivitia sahihi bila kujua.

Diwani mmoja mnene akajiinamisha mbele, akatabasamu kama mtu anayezungumza na ndugu yake.

"Mzee, tuko watu wazima hapa. Walikupa ngapi?"

"Hawakunipa kitu, mheshimiwa."

Chumba kizima kikacheka. Wachoma nyama walicheka, askari wa mlangoni alicheka, Jimmy mwenyewe alicheka ingawa alijua nasema kweli. Bichi ikafungwa saa tisa alasiri, kwa kauli moja. Mimi nikasimamishwa kazi, uchunguzi wa rushwa ufanyike.

Sikieni, vijana wangu. Mji huu uko tayari kumsamehe mwizi. Atasemwa, atachekwa, na mwaka ujao ataalikwa harusini. Lakini mtu anayesema "sikula, nilikuwa mjinga tu", huyo hakuna anayemwamini. Majirani walinipigapiga begani. Binamu yangu wa Eastleigh alinipigia simu kuniuliza nimejenga wapi. Mtu mmoja msikitini, mcha Mungu kabisa, aliniambia toba iko wazi kwa kila kiumbe. Na Mama Salma, mke wangu, hakuniuliza swali lolote. Alinipikia, akanipasia nguo, akanyamaza. Nilidhani ananionea huruma.

Wakati huo nilikwenda kutazama Bichi ikivunjwa. Sitawadanganya kwamba nilifurahi tu. Tinga liling'oa mabanda, mchanga ukazolewa kwenye malori, na wale wahudumu wa kike walikuwa wamesimama barabarani na mifuko yao. Baadhi yao walipata kazi juu kule Westlands, baadhi sijui. Mchoma nyama mmoja aliniona, akanitukana mbele za watu, na sikumjibu kwa kuwa alikuwa na haki ya hasira yake. Lakini likizo ilikuwa imeanza, na hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani ya yale maji. Nilisimama pale nikasikiliza ule utulivu mpaka miguu ikachoka, na kifua kilikuwa chepesi.

Wiki ya tatu nikaitwa mbele ya watu wa nidhamu, watu kumi na wawili kwenye meza ndefu. Nikaeleza tena habari ya chura. Nikaona nyuso zao, nikajua hawaniamini. Basi wakamwita shahidi, Mzee Ndirangu, ambaye alivaa tai kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Unamfahamu Bwana Athmani?"

"Miaka ishirini na mbili."

"Kwa maoni yako, alihongwa?"

Ndirangu alicheka, cheko la kweli, la tumboni, mpaka akashika meza.

"Huyu? Huyu hajui kula. Mkimpa pesa atarudi kuwauliza risiti. Ngojeni niwaambie ukweli, ni vile hajui mabomba. Nilimfundisha vitu tatu na ameshika mbili. Mwaka wa kwanza alisimama siku nzima kwa mfereji ya mvua akingoja ganda ambayo ilikuwa imekwama kwa kiatu yake."

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa nimemwapisha asilitaje milele. Wale watu kumi na wawili wakaanza kucheka, na nilisikia cheko lao limebadilika. Halikuwa lile la kamati. Mzee akaendelea, akatoa kisa kimoja, akatoa cha pili, jasho linanitoka, masikio yananiwaka, na moyo wangu unapanda na kupanda. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa karatasi. Nimepewa sifa maishani, nilipewa hata saa ya ukutani nilipostaafu, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunitua mzigo kama yale ya rafiki yangu akithibitisha mbele ya serikali kwamba mimi ni mpumbavu.

Sasa mtaniuliza, mzee, tufanye nini ili yasitupate? Tupeni ganda. Hata mkiwa na kamera, tupeni ganda. Kitu kikikupendeza mno, kifungue mara ya pili. Na usinywe chai kabla ya kumaliza kazi, si kwa sababu chai ni rushwa, bali kwa sababu ukishajua iko tayari unaharakisha. Na ukikosea, sema kosa lenyewe lilivyo, usilivalishe nguo, maana kuna mtoto mahali fulani anayengoja useme ndipo atolewe majini.

Barua niliipata jioni ya siku ile ile ya kikao cha nidhamu. Karipio la mwisho, kupunguzwa cheo, kuhamishiwa ofisi ya leseni za mbwa. Niliipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa shati. Mama Salma alikuwa jikoni anakuna nazi. Akafuta mikono, akaichukua, akaisoma akiwa amesimama chini ya balbu, midomo inatikisika kwa kila neno.

"Uzembe," akasema.

"Naam."

"Wameandika uzembe. Uzembe tu?"

"Uzembe tu."

Akakaa chini kwenye kigoda, barua mapajani, akalia. Alilia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyekibana wiki tatu, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba naye, kila usiku ubavuni mwangu, alikuwa akijiuliza swali lile lile la diwani. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa leso, akanitazama, akaanza kucheka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mjinga nishamzoea, Baba Salma. Mwizi ningemwanzia wapi?"